Nyapara Bila Watu

*Ijumaa, saa tisa alasiri*

Chumba cha nyuma kwa Mama Tryphosa kilinuka busaa na moshi. Nyapara Wepukhulu alichovya kidole kwenye pombe, akachora mezani mbele ya vibarua wake watatu, Wasike, Walubengo na Chelimo.

"Hapa stoo ya pareto. Hapa geti. Magunia ishirini, gari la ng'ombe, mchana kweupe."

"Mchana?" Walubengo akauliza.

"Nani husimamisha watu wanaofokewa na nyapara? Nitawatukana mpaka Burnt Forest, kuna Mhindi anangoja kununua. Nyinyi kazi yenu kubeba. Kufikiri niachieni mimi."

Ndivyo alivyowasimamia miaka minne pale stoo. Kazi ikienda vizuri, sifa zake. Ikiharibika, anamsukuma mtu mbele ya Mzungu mwenye shamba: "Ni huyu." Alisema hivyo juu ya Kituyi, mdogo wake Wasike, mvua ilipoharibu magunia kumi, na nani alikuwa amelewa chakari akasahau turubai? Wepukhulu mwenyewe. Kituyi alichapwa viboko ishirini na vinne, akafia jela.

Wasike akamaliza busaa yake. "Sawa, nyapara."

*Saa kumi na mbili jioni*

Wasike aliwangoja wenzake wawili njiani.

"Kesho Jumamosi," akawaambia. "Siku ya posho. Kengele ikilia, tunaenda kwa laini ya unga kama watu wote. Yeye tunamwachia ng'ombe wake."

Chelimo alikuwa na makovu mgongoni, ya viboko kama vya Kituyi. Hakuuliza mara mbili. Walubengo ndiye aliyesita.

"Akitutaja je?"

"Mzungu ndiye aliweka sheria, hakuna kugusa gunia bila amri ya nyapara. Tuliamriwa."

*Jumamosi, saa tano na nusu*

Walipakia. Wepukhulu alitukana mama zao kwa sauti ya kusikika hadi stesheni, na askari wa geti hata hakugeuza shingo. Mpango ulikuwa mzuri, lazima tuseme ukweli. Wasike akashika kamba ya ng'ombe wa mbele. Chelimo akashika mjeledi nyuma. Gari likasogea.

*Saa sita kamili*

Kipande cha reli kilichokuwa kengele kikagongwa. Watu mia tatu wakatoka mbio na mifuko yao, maana anayekosa unga wa Jumamosi, watoto wake hulala njaa wiki nzima. Wepukhulu alitaka kupenya katika vurugu hiyo.

Wasike akaachilia kamba. Chelimo akatupa mjeledi. Wakaondoka pamoja na Walubengo, polepole, bila kugeuka.

"Rudini, mbwa nyinyi."

Gari lilikuwa limeziba geti. Akakimbia mbele akavuta, akakimbia nyuma akachapa. Ng'ombe wanane walisimama tu. Watu walianza kucheka, na kicheko kikamtoa Mzungu ofisini.

*Saa sita na robo*

"Pareto yangu inaenda wapi?"

Wepukhulu akanyoosha kidole kwenye laini, kama alivyozoea. "Ni huyu, Bwana. Wasike. Na wale wawili."

Mzungu akamtazama Wasike. "Nani alikuambia upakie?"

"Nyapara, Bwana. Alisema wewe umemtuma."

"Sikumtuma."

Pingu zikalia. Wakati askari wanamburuta, Wepukhulu alipita karibu kabisa na laini.

"Wasike, ndugu yangu. Sema kitu."

"Ndugu yangu alikuwa Kituyi," Wasike akasema, akafungua mfuko wake apimiwe unga.

Alifurahi. Asikudanganye mtu kwamba kisasi hakina utamu. Alifurahi mpaka akasahau kushika mfuko vizuri, nusu ya unga ikamwagika chini, na hakuinama kuuzoa.