Walisambaza Majibu ya Damu Yangu Chama Kizima

Tik... tik... tik...

Kifuniko cha birika la kahawa kilikuwa kinachezacheza jikoni. Saa kumi na moja alfajiri, Jumanne, mvua ya mji wetu wa Bergen inamwagika kama kawaida yake.

Nikafungua simu nione kama wajukuu wametuma picha.

Nikakuta barua!

"Kwa wanachama wote. Mwenyekiti wetu, Dokta Ragnhild Aarsheim, anaumwa tezi ya shingo kwa kiwango kinachovuruga akili. Majibu yake ya damu tumeyaambatanisha. Ijumaa tupige kura ya kumpumzisha."

Tumeyaambatanisha!

Jamani... damu yangu! Namba zangu, tarehe yangu ya kuzaliwa, vyote, kwa madaktari mia na themanini!

Kahawa ikachemka ikafurika jiko zima. Wala sikuitazama.

Wapendwa wangu mnaonisoma, nina miaka sitini na nane. Naongoza chama cha madaktari na watafiti wa homoni cha nchi yetu. Watu hudhani kazi hiyo ni kukata utepe na kupiga picha. Hapana. Kazi kubwa ni kukataa.

Mwaka huu nilimkatalia makamu wangu, Torgeir Skaar.

Torgeir alitaka muongozo wa chama useme kwamba wazee waliochoka wachomwe sindano za homoni ya ukuaji. Wazee wazima, wasio na ugonjwa! Ushahidi hakuna. Na waliotengeneza sindano hizo walikuwa wameshamfanya mshauri wao.

Muongozo wetu ukitoka, daktari wa kila kijiji anaufuata. Mimi nikitoka kwenye kiti, ule wa sindano unapita. Ndiyo shida yote hiyo.

Nikampigia papo hapo.

"Torgeir, umenifanyia nini?"

"Ragnhild, dada yangu, pole sana. Sote tunakujali."

"Barua umeandika wewe?"

"Nimeandika. Kwa uchungu mkubwa."

"Na majibu yangu umeyatoa wapi?"

"Yalinifikia."

"Yalikufikia? Kwani yana miguu?"

Akashusha pumzi, ile ya kumhurumia mtoto mtukutu.

"Unaona? Hasira za ghafla. Hiyo nayo ni dalili, dada. Kapumzike."

Nikakata simu.

Sikusikia hasira, niwaambie ukweli. Nilisikia kinyaa. Kile cha kukuta unywele wa mtu kwenye uji, na nusu bakuli umeshameza!

Kibaya zaidi... namba zilikuwa za kweli. Daktari wangu alikuwa amenipigia wiki iliyopita: tezi yako inafanya kazi kupita kiasi, turudie vipimo. Sikumwambia mtu.

Nikaenda kwenye kioo. Nikajipapasa shingo.

Nikajiuliza, je kama wanasema kweli? Je kama kweli akili yangu imeanza kuyumba na mimi ndiye wa mwisho kujua?

Asubuhi hiyohiyo Ingunn, daktari mwenzangu chamani, akabisha hodi.

Ingunn nilimfundisha mimi, miaka saba, tangu hajui kushika shingo ya mgonjwa. Mtoto wake alipobatizwa, nilimbeba mimi. Alikuja na mikate ya mdalasini ya moto, akanikumbatia, akaona jiko limechafuka. Akachukua kitambaa akalisugua mpaka likang'aa. Sikumwomba.

"Mama Ragnhild, umeshakula?"

"Hakipiti kitu, mwanangu."

"Basi jiuzulu kabla ya Ijumaa. Utoke kwa heshima yako."

"Nikijiuzulu, sindano zinapita."

"Zikipita, zipite! Wewe kwanza."

Nikamshika mkono. Nilidhani mapenzi yanaongea.

Alipoondoka, simu ikalia. Bjarte, fundi wa maabara, yule aliyenitoa damu.

"Mama, samahani kwa kukusumbua. Ile barua kuhusu wewe inasomwa huku kwenye korido, watu wanacheka. Mimi sikucheka. Nina swali tu."

"Uliza, baba."

"Siku ile ulinionyesha kucha zako. Ukasema zilikuwa zinakatika, sasa zimeota vizuri. Ulikuwa unameza nini?"

"Vidonge vya kucha na nywele tu. Vya bioti..."

Neno likanishia mdomoni. Nikakaa chini, sakafuni kabisa.

Biotini!

Wapendwa, vidonge vile si sumu. Lakini ukivimeza kwa wingi, vinaidanganya mashine ya kupima homoni. Mtu mwenye afya kabisa anatoka kwenye karatasi akiwa mgonjwa wa tezi. Nimelifundisha jambo hilo miaka na miaka! Na yaliponifika mimi, nikameza vidonge kila asubuhi na kahawa, nikasahau kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Bjarte, mimi ni mjinga."

"Una kucha nzuri lakini," akasema, nikacheka nikiwa na machozi. "Acha vidonge leo. Ijumaa saa moja asubuhi njoo, nitakutoa damu mwenyewe."

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuja na nywele zimelowa mvua, hajala. Naandika hapa ili isisahaulike.

Tukingoja majibu, nikafungua ukurasa wangu wa afya kwenye simu. Huku kwetu, kila anayefungua faili la mgonjwa anaacha jina lake, na mwenye faili analiona. Nilikuwa namtafuta Torgeir.

Torgeir hakuwepo.

Nikalisoma jina lililokuwepo mara tatu. Nikaomba glasi ya maji.

Saa sita mchana nikaingia ukumbini. Weee! Namba zangu zilikuwa ukutani, kubwa kama bango la sinema. Na chini yake wenzangu wanatafuna mikate ya samaki wa moshi, macho kwenye damu yangu, wanapangusa midomo.

Nikapita katikati yao mpaka mbele.

Torgeir akashika kipaza sauti. "Hatumhukumu mtu. Namba ndizo zinazosema."

"Torgeir," nikasema nikiwa nimesimama. "Mgonjwa akikujia na namba hizo, swali la kwanza ni lipi?"

"Hatujaja darasani, dada."

"Jibu tu."

Torgeir akageukia namba ukutani. Kisha sauti ikatoka nyuma kabisa:

"Anameza nini!"

Mikate ikasimama njiani.

"Nameza vidonge vya kucha," nikasema. "Nilikuwa nameza. Niliacha Jumanne. Haya ni majibu ya leo asubuhi." Nikayasoma. Sawa, sawa, sawa. "Nilisahau mimi, na aibu hiyo naibeba. Lakini ninyi mko mia na themanini! Mliona namba zangu, mkapeana, mkacheka. Hakuna aliyenipigia kuniuliza nameza nini. Aliyeuliza ni mmoja, na hayumo humu. Ni fundi wa maabara."

Watu wakaanza kutazama viatu vyao.

"Bado moja. Aliyefungua faili langu bila ruhusa, jina lake ninalo. Sitalitaja. Namwomba asimame mwenyewe."

Wote wakamgeukia Torgeir. Torgeir akatabasamu, akanyanyua mikono. Mikono safi!

Kiti kikalia upande wa kushoto.

Ingunn.

Jumapili, saa tisa mchana, alikuwa ndani ya faili langu kwa dakika nne. Siku mbili kabla ya kunisugulia jiko!

"Aliniahidi umakamu nikimpa majibu yako," akasema, akimwonyesha Torgeir kidole. "Akasema unaonekana unaumwa hata hivyo, itakuwa kama kukusaidia..."

Torgeir akatafuta koti lake. Kura ilipopigwa, upande wake ulipata kura kumi na moja tu. Muongozo wa sindano ukafia palepale. Wengi walikuja kunishika mkono. Niliwapa mkono, kisha nikaenda kunawa.

Sasa nisikilizeni. Ugonjwa wa mtu ni nguo yake ya ndani. Ukiianika barabarani, aliyebaki uchi ni wewe. Na ukiona siri ya mwenzako, hata kwa bahati mbaya, neno la kwanza liwe "Unaendeleaje?" Ingunn angeniuliza hivyo tu, ningemwonyesha kucha zangu, na yote haya yasingetokea.

Ingunn walimsimamisha kazi. Wiki ya tatu nikasikia hakuna anayebisha mlangoni kwake. Nikaenda. Wanangu wa kuzaa walinigombeza sana!

Sikwenda kusamehe. Hapo sijafika.

Akanimiminia kahawa. Nikainua kikombe, kikanishinda. Nikakirudisha mezani.

"Bado unanionea kinyaa, Mama?"

"Bado, mwanangu."

"Una haki."

Tukakaa. Mtoto wake akaniletea michoro yake, mmoja mmoja, nikaisifu yote. Kahawa ikapoa.

Mlangoni Ingunn akanishikia koti, akanikunjulia ukosi uliojikunja nyuma, taratibu, bila kunigusa shingo.

"Uje tena," akasema. "Hata kama hutakunywa."