Fimbo Iliyomfaa Chiriku

Kila siku alasiri, baada ya kufua sare yake ya shule na kuianika, Chiriku alibeba mfuko wake wa fimbo na kupita geti la nyuma la uwanja wa gofu. Mama yake alikuwa dereva wa trekta la kukata majani pale uwanjani, na walinzi walimjua binti huyo tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Jina la Chiriku, ndege mwenye kelele, alipewa na bibi yake, kwa sababu alianza kuongea kabla hajaota meno. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu na bado hajanyamaza.

Jumatatu hiyo hakutembea, alikimbia. Mwalimu wa timu ya watoto alikuwa amewaambia kwamba sanduku la fimbo zilizotolewa na wachezaji wa zamani limefika. Kila mmoja wa wachezaji wanne wa timu angechagua haibridi moja kabla ya shindano la Jumamosi.

"Haibridi ndiyo mdudu gani tena?" mama yake alimuuliza alipomwona anapita mbio karibu na trekta.

"Ni chotara, mama! Kichwa kinene kama cha fimbo za mbao, lakini mpini mfupi karibu kama wa fimbo za chuma. Inainua mpira hata ukiwa kwenye majani marefu!"

"Basi nenda kaichukue upesi, mwanangu. Hiyo fimbo yako ya chuma namba tano inanichimbia uwanja kama fuko."

Karakana ya fimbo ilikuwa chumba kidogo nyuma ya stoo, kinachonuka gundi na mpira. Fundi alikuwa mwanamke mwenye miwani minene, ambaye wote walimwita Fundi Koleo kwa kuwa koleo halikuwahi kumtoka mkononi. Mbele yake, juu ya meza, fimbo zilikuwa zimepangwa mstari mmoja.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Chiriku. Usiguse kitu kwanza. Niambie, fimbo yako namba tano inapeleka mpira mita ngapi?"

Chiriku hakusikia vizuri, maana macho yake yalikuwa yameshanasa kwenye fimbo moja: haibridi namba mbili, nyeusi tititi, yenye mpini mwekundu unaong'aa. Ilifanana kabisa na ile aliyoichukua Twiga, kijana mrefu kuliko wote katika timu, ambaye mipira yake ilipaa hadi watu wakashika kofia. Chiriku alijua kwamba fimbo kama ile hupewa wenye nguvu.

"Mita mia moja na sitini," alisema.

Fundi Koleo alimtazama juu ya miwani. "Mia na sitini? Wewe?"

"Siku nyingine zinazidi."

"Haya. Maneno ni yako, mikono ni yako." Fundi akampa ile fimbo nyeusi. Chiriku alitoka akirukaruka, akamwonyesha mama yake, akawaonyesha walinzi, hata mpishi wa kantini aliitwa dirishani aione. Mwalimu naye aliposikia habari ya mita mia na sitini, alifurahi sana. Akamweka Chiriku acheze wa mwisho siku ya shindano, kwa sababu matokeo huamuliwa kwenye shimo la mwisho, lenye bwawa mbele ya bendera, nalo linahitaji mtu wa kuvusha mpira.

Kipya kinyemi. Jumanne Chiriku alipiga mpira wa kwanza kwa fimbo yake, nao ukakimbia chini chini kama panya aliyefukuzwa jikoni. Wa pili ukapinda kulia. Mpini ulikuwa mgumu kama chuma cha dirisha na uso wa fimbo ulikuwa umesimama wima mno. Bila kasi kubwa ya mikono, mpira haukuwa na namna ya kupanda.

"Ni upepo," alimwambia Twiga.

"Upepo gani? Bendera imelala."

Jumatano alijaribu kuvusha bwawa. Mipira sita, chubwi sita. Bata walihama upande wa pili. Twiga alikuwa ameanza kucheka, lakini alipoona midomo ya mwenzake inatetemeka, aliacha.

"Chiriku, hebu sema kweli. Mia na sitini uliitoa wapi?"

"Kichwani," alijibu kwa sauti ndogo.

"Mwambie Mwalimu. Jumamosi bwawa halitakuonea huruma."

Kumwambia Mwalimu! Chiriku aliwaza jinsi atakavyotolewa kwenye timu, na mama yake ameshawatangazia wakata majani wote. Alikula chakula cha jioni bila neno, mpaka bibi yake akampapasa shingo kuona kama ana homa.

Alhamisi alikwenda karakana na ile fimbo nyeusi. Bahati nzuri, au mbaya, Mwalimu alikuwa mle ndani akisubiri kubadilishiwa mshikio wa fimbo yake. Chiriku alivuta pumzi.

"Mwalimu, Fundi, niliwadanganya. Sijawahi kufikisha mia na sitini. Hata sijui mpira wangu unafika wapi. Nilitaka fimbo kama ya Twiga."

Mwalimu alikunja uso, kisha akachukua kamba ya kupimia iliyoning'inia ukutani. "Kama hujui, twende tukajue."

Chiriku alipiga mipira kumi kwa fimbo yake namba tano, Mwalimu akapima kila mmoja. Mia na tano. Mia na nane. Tisini. Mia na sita. Fundi Koleo alitazama mikono ya Chiriku tu, akaingia ndani, akarudi na haibridi namba tano, yenye uso uliolala zaidi. Kichwa chake kilikuwa na mikwaruzo na rangi yake ilikuwa ya kijivu iliyopauka.

"Hii?" Chiriku alishindwa kujizuia.

"Piga kwanza, ndipo uitukane."

Mpini ulikuwa mwepesi, ukainama kidogo wakati anazungusha. Tap! Mpira ukapanda, ukapanda tena, ukatua kwa upole mbali kule. Mwalimu akapima: mia na ishirini.

"Mama yangu!" Chiriku alipiga kelele. "Tena! Niacheni nipige tena!"

Alipiga hadi jua likaanza kushuka. Mipira tisa kati ya kumi ilipita mita mia na kumi na tano. Mwalimu akakunja kamba yake. "Utacheza wa mwisho vilevile. Sasa najua namtuma nani."

Jumamosi uwanja ulijaa. Chiriku alipofika shimo la mwisho, wapinzani walikuwa wamekwishamaliza, na ili timu yake ishinde ilihitaji amalize kwa mikwaju mitano, isizidi. Mkwaju wa kwanza ulimponyoka, mpira ukaangukia kwenye majani marefu. Kutoka pale hadi ng'ambo ya bwawa palikuwa na mita mia moja.

"Zunguka pembeni," mtu mmoja alinong'ona nyuma ya kamba ya watazamaji.

Chiriku alitikisa kichwa. Akizunguka, mikwaju itazidi. Na mita mia anaziweza, zimepimwa kwa kamba. Alitoa haibridi ya kijivu, akazungusha bila pupa. Majani yaliruka, mpira ukachomoka, ukapanda juu ya maji. Watu walishusha pumzi ulipotua karibu na bendera.

Furaha nusura imponze. Mpira wa kusukuma ulipita shimo, wa pili ukasimama pembeni. Mkwaju wa tano, mita moja tu. Ukazunguka mdomo wa shimo, ukatumbukia. Mama yake alipiga honi ya trekta mpaka bata wote wakaruka.

Fundi Koleo alipenya kwenye umati na kumshika Chiriku mabega.

"Hongera, binti yangu. Kazi yangu ni kutafuta fimbo inayomfaa mtu, lakini siwezi kuitafuta kama mtu mwenyewe amejificha. Anayesema kweli juu ya uwezo wake, hata kama uwezo huo ni mdogo, anaweza kusaidiwa, na kesho uwezo wake utakua. Anayedanganya huvaa kiatu cha mwenzake, halafu akailaumu njia."