Rapu ya Moyo na Mapafu

Miaka ile nyimbo zilikaa kwenye kanda. Kanda ikilegea, uliingiza kalamu ukaizungusha. Katika chumba kimoja cha kupanga, mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa akishona sare za shule. Binti yake alikaa sakafuni karibu na redio, akirapu. Majirani walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

"Nyimbo mia umezikariri," mama alisema, "sayansi umefeli mara mbili! Ukifeli tena Ijumaa, unarudia darasa. Ukakae dawati moja na mdogo wako!"

"Mama, kile kitabu hakiingii kichwani."

"Kitaingilia wapi? Redio imejaa humo!"

Mama akaichukua redio, akaifungia kabatini. Roho ilimuuma kidogo. Zamani, kwao, kaka yake alikuwa akirapu uani huku akigonga ndoo. Yeye, msichana mdogo, alikuwa akimwitikia mpaka sauti inakauka. Siku zile zilikuwa tamu! Lakini kaka aliacha shule, na mama akautwika muziki lawama zote.

Siku mbili Chiriku alikikodolea macho kitabu. Wapi! Siku ya tatu, jirani wa mlango wa pili alikuja kuchukua sketi yake. Alikuwa mwalimu wa sayansi. Akamkuta Chiriku analia.

"Mama Chiriku, leo mbona chiriku halii kwa raha?"

"Nimemfungia redio, mwalimu. Rapu ni uhuni. Ilimtoa kaka yangu shuleni."

"Kuna aliyewahi kumwambia kaka yako arapu masomo?"

Mama akaichomeka sindano kwenye kitambaa.

"Kichwa kinachoshika nyimbo mia si kibovu," mwalimu alisema. "Mdundo na vina husaidia kukumbuka. Chiriku, soma ukurasa wa safari ya damu. Halafu uniambie kwa mistari yako."

Chiriku akafuta machozi. Akasoma, akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akasimama, akagonga meza:

"Damu imefika mapafuni, hewa safi imeingia,
Sasa inarudi moyoni, chumba cha upande wa kulia!"

Mama akajikuta anatikisa kichwa. Kwa kitambo kidogo alikuwa uani kwao, ana miaka tisa.

"Umepatia, mwanangu!"

Mwalimu hakupiga makofi. "Ni tamu kweli. Lakini umekosea. Rudi kitabuni."

Chiriku akasoma. "Inarudi upande wa kushoto... Mwalimu, lakini neno 'kushoto' halina kina na 'imeingia'!"

"Hapo ndipo penye mtego. Kosa lenye vina hung'ang'ania kama kupe. Andika ukweli kwanza, kina ukitafute baadaye. Na kabla hujakariri, mtu akague kila mstari kwa kitabu."

"Nani?"

"Mama yako yupo."

"Mimi?" mama alicheka. "Nasoma mwendo wa kinyonga!"

"Vizuri. Kinyonga haruki tawi."

Basi Chiriku akatunga upya. Mama akaweka kidole kwenye kitabu, akasoma neno kwa neno, huku binti akisubiri:

"Imepata hewa safi, ina nguvu kama moto,
Inarudi moyoni, chumba cha upande wa kushoto!"

"Kushoto," mama alisema. "Hata kitabu kinasema hivyo. Kariri."

Ijumaa ikafika. Katika chumba cha mtihani, Chiriku alirapu kimyakimya, midomo tu ikicheza. Alipofika kwenye "moto", mkono wake ukaandika "kushoto".

Wiki iliyofuata alirudi mbio, karatasi ikipepea.

"Sabini na nane, mama! Sirudii darasa!"

Mama alimkumbatia mpaka futi ya kupimia ikawazunguka wote wawili. Kisha akafungua kabati, akairudisha redio mezani.

"Somo linalofuata ni lipi?"

"Figo."

"Leta kitabu."

Tangu siku hiyo mistari haikukaririwa kabla mama hajaipitisha. Alisoma polepole, kisha upesi kidogo, kisha kama watu wengine. Chiriku sasa ni mtu mzima, ana kwake. Lakini mama, akipimwa presha zahanati, bado humweleza muuguzi safari nzima ya damu, na husema yote kwa vina.