Safu ya Nne ya Kulabu

Haya sikusimuliwa, yalitokea nyumbani kwangu. Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Mdogo wangu, fundi cherehani, anakata bitana, mimi namenya viazi, na kitindamimba wangu, tuliyemzoea kwa jina la Bonge, anatuonyesha picha ya mcheza baleti aliyoichana gazetini.

"Gauni langu la harusi liwe na sketi kama hii. Inaitwa tutu. Oneni ilivyo, kama povu."

"Wewe ukivaa povu hilo utafanana na uyoga," mdogo wangu akamwambia.

"Uyoga nao huolewa, mama mdogo."

Tukacheka mpaka kisu kikanidondoka.

Neti mpya ya kushonea sketi hiyo ilikuwa ngumu, inakwaruza. Mdogo wangu akapata tutu kuukuu ya kundi la wachezaji lililovunjika. Matabaka kumi, laini kama utando wa maziwa. Sasa, marehemu mama ndiye aliyetufundisha kushona, na agizo lake lilikuwa moja: nguo ya mtu mwingine huanza kufumuliwa kiunoni. Mkanda utoke kwanza, ndipo uguse kitambaa. Lakini mkanda ule ulishonwa kwa mkono, kazi safi ajabu, una safu tatu za kulabu: ya kwanza ya mwenye mwili, ya tatu ya mwembamba.

"Niutoe, dada?"

"Uache. Nani atashona vizuri hivyo?"

Niliyesema ni mimi.

Bonge alipojaribu gauni, tutu imeshonewa humo na mkanda wake, safu ya kwanza ilimkaa sawasawa. Wiki iliyofuata akafunga ya pili. Tukafurahi, tukadhani anajinyima. Hakujinyima. Alikula viazi vyangu sahani mbili, akaomba ya tatu.

Siku aliyofunga safu ya tatu, nilimkuta jikoni mchana kweupe anaosha vyombo. Visigino vilikuwa juu. Amesimama kwa ncha za vidole.

"Shusha miguu, mwanangu."

"Haishuki, mama," akanong'ona. "Nimejaribu tangu juzi."

Daktari alipima damu, hakuona kitu. Bonge akalazwa chumbani, mwepesi kama mtoto. Zilibaki siku mbili aolewe. Mdogo wangu akachukua mkasi aukate ule mkanda. Alipoupindua, akanisogezea nione.

Kulikuwa na safu ya nne.

Uzi mweupe. Mishono ya mkono. Ileile.

"Sikuishona mimi, dada."

"Kata."

Akakata. Chumbani Bonge akaguna, mara moja tu. Tulipofika hakuwa anapumua. Kiunoni alikuwa na alama nyekundu, imemzunguka kote, upana wa mkanda.

Tulimzika siku ambayo angeolewa. Visigino vilikataa kushuka, vidole bado vimenyooka. Seremala alirudi na vipimo vipya, akaongeza urefu wa jeneza. Tutu tukaichoma mpaka majivu. Mdogo wangu hajagusa cherehani tena, wala hatutazamani tunapokula.

Mimi huvaa gauni la kushindia, la lastiki. Halijawahi kuwa na kulabu. Leo asubuhi kitu kikanikwaruza kiunoni. Nikalipindua.

Safu moja. Uzi mweupe.

Sikumwita mtu. Nimeifunga.

Imenikaa sawasawa.