Saa Iliyompima Mmoja

Karatasi ya malalamiko ilipopita kwenye dawati lako, uliitia saini bila kuisoma, kisha ukageukia dirishani ukajifanya unatazama mawingu. Usikatae. Kila shule ina wanafunzi kama wewe, na karatasi ile iliwakusanya thelathini na mmoja. Sasa tulia usikie ilikotoka.

Aliyeiandika ni msichana wa darasa la sita tuliyemwita Chiriku, kwa jinsi alivyosema bila kupumua. Kila siku saa nne asubuhi, kengele ya mapumziko ikishalia, spika iliyofungwa juu ya mlango wa ofisi ilikoroma, kisha ikatoa sauti laini ya binamu yake, binti wa shangazi yake: "Hizi ni habari za shule." Hata waliokuwa bombani wakinywa maji walinyamaza. Chiriku alihisi kama ametiwa pilipili machoni.

Wote wawili walijaribiwa kazi hiyo ya utangazaji siku moja. Chiriku alikwama kwenye sentensi ya kwanza. Binamu akasoma kama anakunywa maji. Tena waliishi nyumba moja na kulala kitanda kimoja. Wakati wa kula, mama mzazi wa Chiriku alisema, "Sogea wewe, mtangazaji wetu akae." Ungekuwa wewe, tonge lingepita?

Wiki ile ilikuwa ya uchaguzi wa kiranja mkuu. Mrefu na Miwani ndio waliogombea. Chiriku alikuwa upande wa Mrefu, na kila Miwani alipotajwa kwenye spika, aliona ametukanwa yeye. Jumatano alichukua saa ya kupimia mbio kwenye meza ya baba yake, fundi saa, akasimama chini ya spika na kupima habari za Miwani. Dakika mbili na sekunde kumi! Zamu ya Mrefu ilipofika hakusikia tena. Alikuwa ameshachomoa kalamu: "Mtangazaji anampendelea Miwani. Aondolewe."

Barua ilizungushwa madarasani ikajaa saini, kisha mwalimu mkuu akaisoma na kumwita Binamu. Asipoweza kujitetea hadi Ijumaa, angenyang'anywa kipaza sauti.

Jioni wasichana hao walikuwa wakikunja nguo.

"Nimekosea neno gani?" Binamu aliuliza, macho mekundu.

"Si neno. Ni sauti. Ukimtaja Miwani unatabasamu."

"Tabasamu unalionaje kwenye spika, dada?"

Chiriku alilikunja gauni moja mara tatu.

Alhamisi baada ya masomo alikuwa akifagia karakana ya baba yake, alipoingia mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Bondia, mpiga debe wa Miwani, ameshika saa ya babu yake iliyosimama.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona umenuna, umekula ndimu?"

"Ni huyo mtangazaji wenu, mzee. Anampendelea Mrefu waziwazi! Jana nimempima kwa saa ya ukutani. Mrefu kapewa dakika mbili na zaidi. Na sisi tunaandika barua yetu."

Ufagio ulimponyoka Chiriku. "Mwongo! Aliyependelewa ni Miwani!"

"Hayo ni masikio au vishikio vya sufuria?"

Fundi alivua kioo chake cha jichoni. "Ngojeni. Miwani alipata ngapi?"

Bondia alijikuna kichwa. "Huyo... sikumpima."

"Na wewe mwanangu, Mrefu alipata ngapi?"

"Sikumpima," Chiriku aliiambia sakafu. Fundi akaandika hesabu zao nyuma ya bahasha, moja chini ya nyingine. Zilikaribiana kama mapacha.

"Habari zile zile, siku ile ile," alisema. "Kila mmoja kapima kinachomuuma. Lakini wewe mwanangu unalala na binamu yako kitanda kimoja. Mbona hukumuuliza?"

Chiriku aliinama kuuokota ufagio. "Si Miwani, baba. Mama anamwita mtangazaji wetu. Mimi haniiti chochote."

Fundi akamvuta karibu. "Hilo ungeniletea, nisingelicheka. Wewe umelivisha nguo ya uchaguzi, ukampelekea mwalimu. Kesho utalivua mwenyewe."

Ijumaa asubuhi Chiriku alisimama mbele ya mwalimu mkuu, Bondia na Binamu kando yake. "Nilipima upande mmoja. Na nilikuwa na wivu."

"Hata mimi nilipima mmoja," Bondia alidakia. "Ila kosa moja lipo kweli, mwalimu. Kila siku anayetajwa kwanza ni Miwani."

Binamu alifungua daftari lake la habari, akapekua. "Ni kweli. Nilifuata alfabeti. Kuanzia leo watapokezana nafasi ya kwanza."

"Basi kipaza sauti ni chako," alisema mwalimu mkuu. Akawageukia wale wawili. "Upendeleo upo, na ukiuona useme. Lakini pima pande zote kwanza, na ujiulize kwa nini unatamani kuuona. Wivu ukikaa sikioni, hata salamu inageuka tusi."

Saa nne spika ikakoroma. Sauti ile bado ilimchoma Chiriku, ila safari hii alisikiliza hadi mwisho.

Nawe usiniambie umeelewa. Leo redio ya nyumbani ikianza habari, chukua karatasi, uigawe kwa mstari katikati, na uanze kumpima yule unayempenda. Ukikuta upendeleo wa kweli, paza sauti tusikie sote. Usingoje kesho. Karatasi iko wapi?