Koti la Mzee Kigoda

Kataa. Kataa kabisa, useme huyu aliacha shule darasa la sita, anajua nini. Ukimaliza kukataa, nenda Machakos uwaulize waliokuwa ndani ya ile holi ya nyuma ya soko, Jumapili moja mwaka wa 2002, walikuwa wanacheka nini.

Walienda kumkumbuka Maundu. Nchi nzima ilimjua kwa runinga kama Mzee Kigoda, yule wa koti refu aliyegombana na kigoda chake kila Alhamisi jioni mpaka watu wanamwaga chai. Alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Mpwa wake Onesmus, kinyozi, akasema atapanda jukwaani amwigize, maana hakuna aliyempenda kama mjomba huyo. Hata mashine yake ya kwanza ya kunyolea alinunuliwa na yeye. Mjane, Kavindu, alimpa koti bila kumtazama usoni.

"Chukua. Mimi siji."

Ijumaa mchana Onesmus alifanya mazoezi, holi tupu, dada yake Kamanthe akipanga viti. Akakalia kigoda, akafungua mdomo aseme mzaha wa kwanza. Kicheko kikatoka viti vya mbele kabla hajasema neno. Kimoja tu, kikavu.

"Kamanthe, ni wewe?"

"Mimi niko huku mlangoni. Si ni wewe?"

"Wacha mchezo."

"Na hiyo harufu ni ya nini? Kama nywele imeungua."

"Mimi ni kinyozi. Ulitaka ninukie maua?"

Jumapili holi ikafurika. Mzaha wa kwanza, watu hoi. Wa pili, Onesmus akagundua kwamba sauti inayomtoka si ya kuigiza, ni ya Maundu mwenyewe, na akitaka kunyamaza mdomo unaendelea, na akitaka kuinuka miguu inakataa, na harufu ya nywele inapanda kutoka ndani ya koti inamjaa puani, na mdomo wake, huo huo aliopigia mswaki asubuhi, ukaanza kuwaambia watu kwamba Maundu hakuwahi kuchekesha mtu, aliyechekesha ni jini alilolifuata kwa mganga huko Katangi, wakaagana limpe vicheko vya nchi nzima, na yeye akifa liingie kwa mtoto wa dada yake, likae humo mpaka limfukuze ndani ya mwili wake, na mtoto huyo siku anauzwa alikuwa na siku mbili tu, hata jina hajapewa.

Machozi yakamtoka Onesmus. Holi ikalipuka kwa makofi.

"Ni Kigoda kabisa!" mzee mmoja akapiga kelele. "Hata kulia analia kama yeye!"

Kamanthe alimvuta kutoka jukwaani, koti na yote, mpaka kwa Kavindu.

"Anti, ulijua?" Onesmus alinong'ona.

"Nilijua. Alisema atakupenda kuliko watoto wake, ndio isiwe dhambi sana."

"Na ile mashine?"

"Hata hiyo."

Kutoka hapo wakampeleka kwa Abdiwahab, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye husomea watu wenye majini. Akasoma mpaka magharibi. Onesmus akalala, akaamka na sauti yake. Koti likachomwa.

Hapo ndipo huwa namalizia, watu wananinunulia soda.

Sawa. Kuna kipande huwa naruka. Abdiwahab hakutoa kitu. Alipomshika kichwa tu alisema, "Hapa limeshaondoka," akasoma kwa kuombwa, na shukrani akazikataa. Ni kwamba njiani kwenda kwake, mdomo wa Onesmus ulimuuliza Onesmus: kama wewe hutaki, unanipa nani? Kamanthe alikuwa amemshika mkono. Alisikia swali, akasikia na jibu, na jibu halikuchelewa. Mjomba alitoa mtoto wa dada, naye akatoa mtoto wa dada.

Dada yake ni huyo Kamanthe peke yake. Kamanthe ni mama yangu. Sina ndugu.