Fuata Rangi ya Njano

Kilichomtia Olvido shaka kwanza ni nywele za mumewe kuchanwa.

Eloy hakuwa mtu wa kitana. Miaka kumi na tisa ya ndoa yao nywele zake zilikaa zilivyotaka zenyewe. Hata siku ya harusi, mama yake ndiye aliyemshika kichwa kwa nguvu akamlazia zile za utosini kwa mate. Lakini Jumanne ile ya mwezi Juni alishuka kutoka mlimani na kopo lake la rangi, akaingia jikoni, na nywele zilikuwa zimelazwa upande wa kushoto, njia imenyooka kama iliyopigwa rula, maji yakimchuruzika shingoni. Nje hapakuwa na hata wingu.

"Nani kakuchana?" Olvido aliuliza, mwiko ukiwa ndani ya chungu cha maharage.

Eloy akajipapasa kichwa kama mtu anayetafuta kofia. "Upepo."

"Upepo wa siku hizi una kitana."

Hakucheka. Alikula kidogo, akaacha soseji ya damu ambayo kwa kawaida huigombea, na alipopita nyuma yake kwenda kuvua buti, Olvido alisikia harufu ya nanaa na ya mawe yaliyokaa majini muda mrefu.

Eloy ndiye aliyeitunza njia ya wapanda mlima kutoka kijijini Fayones hadi juu kwenye upenyo kati ya vilele viwili: kufyeka vichaka, kuondoa miti iliyoanguka, na kwenye kila njia panda kupaka mistari miwili, mweupe na wa njano, inayomwonyesha mgeni pa kupita. Olvido alikuwa na vitanda sita juu ya zizi la zamani, ambako wageni hao walilala. Walikuwa hawana mtoto, wana mbwa mmoja mzee, na walipatana. Mwanamke aliyemkosesha Olvido raha alikuwa mmoja tu: Candela, mwongoza wageni kutoka mjini Oviedo, umri wa miaka thelathini na moja, aliyepanda milima akipiga mluzi na kumwita Eloy "mzee wangu". Na Eloy akiitwa hivyo alikenua meno yote.

"Ni huyo," Olvido akajiambia. "Ni huyo tu."

Kila siku Eloy alirudi amechanwa. Kila siku alikula kidogo zaidi. Jumatano ya wiki iliyofuata, Olvido akifua mashuka kwenye birika la kijiji, alisikia nyuma ya ukuta sauti ya kitana kikipita kwenye nywele zilizolowa, taratibu, kutoka utosini hadi mwisho, na ule mwisho haukufika upesi. Akazunguka ukuta na shuka mkononi. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na jiwe lililolowa mahali pa mtu kukalia, na jua lilikuwa kali.

Alhamisi yeye mwenyewe alimpandishia mumewe chakula, ili amfumanie. Hakumkuta. Alichokikuta, kwenye njia panda ya mialoni, ni alama. Njia ya wageni huenda kulia. Kushoto ni korongo, kuna chemchemi, na baada ya chemchemi ni ukingo wa jabali uliomeguka msimu wa baridi. Lakini mistari mipya ilielekea kushoto, rangi bado mbichi, na ndani ya ule wa njano ulikuwa umenata unywele wa rangi ya shaba. Akauvuta. Ukaja, ukaendelea kuja, ukamzunguka mkono mara tano bila kuisha, mpaka akaukata kwa meno.

Candela alikuwa na nywele nyeusi, fupi kama za askari. Olvido alilijua hilo vizuri. Hata hivyo, akiwa amesimama pale na unywele mkononi, sura iliyomjia ilikuwa ya Candela.

Jioni ile Eloy alianguka na homa, akawa analala na kuweweseka. Olvido hakumwambia habari za alama. Hakumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi Candela akasimama mlangoni na mkoba mgongoni.

"Bi Olvido! Mzee wangu yuko wapi?"

"Mzee wako analala. Anaumwa."

"Masikini. Nimemletea asali ya shangazi yangu, aliisifu sana mwaka jana." Akaweka chupa mezani. "Una bahati wewe, unajua? Wanaume wa namna ile hawapo tena. Nikipata kama yeye, nahama mjini kesho."

Olvido aliitazama ile chupa. Akaisukuma hadi ukingoni mwa meza.

"Kesho naleta watu kumi na wawili," Candela akaendelea, "ndiyo maana leo naikagua njia peke yangu. Kuko sawa huko juu?"

Ilikuwa ni neno moja tu. Angeweza kulisema. Birika la kahawa lilianza kulia jikoni, Olvido akageuka kulishusha, na akiwa amempa mgongo akasema, "Kuko sawa. Fuata rangi ya njano."

Mluzi ukapanda na njia, ukapotea.

Haikupita nusu saa, ukungu ukashuka kutoka kwenye upenyo, mnene, ukafunika paa la kanisa. Chumbani Eloy aliketi ghafla.

"Nani amepita?"

"Candela wako."

"Kaelekea juu? Peke yake?" Akaanza kutafuta buti chini ya kitanda. "Olvido, Mungu anisamehe. Nilikutana naye mwezi Mei. Pale kwenye chemchemi."

"Najua. Nilijua tangu mwanzo!"

"Hujui! Siyo Candela." Akashusha sauti, akitazama dirisha. "Ni shana."

Olvido alilijua jina hilo. Kila mtoto wa mabonde yale hukua akiambiwa asinywe maji ya chemchemi bila kuomba ruhusa, kwa ajili ya hao: majini ya kike yenye nywele ndefu yanayokaa ndani ya maji.

"Aliniomba nimchane," Eloy akanong'ona. "Nikamchana. Nilidhani nimelala kivulini, naota. Tangu siku hiyo ananiita, na mimi miguu inakwenda. Aliniuliza wanawake ninaoongea nao ni wangapi. Nikamwambia ni wawili. Akasema ni wengi mno."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Walikimbia. Kwenye njia panda ya mialoni miguu ya Eloy iligoma. Alishika shina la mti akatapika maji matupu, maji masafi, mengi kuliko anavyoweza kubeba mtu, na hakuweza kuinua unyayo. Olvido akaingia korongoni peke yake, mkono mmoja kwenye mwamba, ukungu ukiingia mdomoni kama pamba, na kadiri alivyoshuka ndivyo ile sauti ya kitana ilivyokuja karibu, mara mbele yake, mara juu yake, mara sikioni kabisa, kitana kikishuka na kushuka katika nywele zisizo na mwisho, na harufu ya nanaa ikawa nzito kiasi cha kumliza, mpaka mguu wake ukakanyaga maji baridi na akamwona, amekaa kwenye jiwe, amempa mgongo, nywele zake zimeteremka majini zikasambaa chemchemi nzima kama mizizi.

"Karibu, dada," likasema lile jini bila kugeuka.

"Mimi si dada yako."

"Mimi nilipaka rangi tu. Aliyemtuma ni wewe. Hata mimi nisingesema kwa utamu ule." Kitana kikapanda tena. "Wawili walikuwa wengi, sivyo? Sasa kaa nikuchane. Tumsikilize anavyoanguka."

Chini, ndani ya ukungu, mawe yaliporomoka, na Candela akaita, "Kuna mtu? Jamani, kuna mtu?"

Olvido aliijua aibu siku ile. Iliishinda hofu. Akapiga kelele mpaka kifua kikamuuma: "Candela! Nilikudanganya! Niliijua njia, nilikuonea wivu nikakudanganya! Usisogee mbele! Rudi nyuma, mwamba ukae kushoto kwako!"

Kitana kikakatika. Chemchemi nzima ikafyonzwa chini kwa mshindo mmoja, na jiwe likabaki tupu. Olvido akatambaa kwa magoti hadi ukingoni, akaukamata mkono uliokuwa ukipapasa hewani, akavuta. Candela alipanda na kifundo cha mguu kilichovunjika, akilia kama mtoto.

Kesho yake Aurina, mwanamke anayezungusha gari la mkate katika vijiji vile na ambaye pia huwapitishia watu maji, yaani huwatibu kwa maji waliokumbwa na majini au kijicho, alifika na bakuli na kipande cha pembe ya kulungu. Alimwaga maji juu ya pembe, akanong'ona maneno yake, akamnywesha Eloy mafunda matatu. Maji yaliyobaki yalitulia.

"Yuko safi," akasema. "Hana kitu tena. Na wewe je, nikupitishie?"

"Mimi sina kitu," Olvido akajibu upesi.

Aurina alimtazama kidogo, kisha akaenda kugawa mikate yake.

Siku ya nne Olvido alipanda basi hadi hospitali kuomba radhi. Candela alimsikiliza hadi mwisho, akamshika mkono.

"Ulirudi kunitoa. Basi, yameisha, Bi Olvido." Halafu uso ukambadilika. "Ila nieleze kitu kimoja. Kule chini walikuwa wananiita wanawake wawili. Mmoja, njoo mbele. Mwingine, rudi nyuma. Mimi niliamua kubahatisha tu."

"Kubahatisha kwa nini?"

"Sauti zote mbili zilikuwa zako."

Basi la jioni lilimshusha Fayones jua likiwa bado juu ya mlima. Eloy alikuwa akimngoja kituoni, amenawiri, mashavu yamerudi, anaongea na mgeni mmoja wa kike aliyekuwa akimwuliza mahali pa kununua jibini. Akacheka kitu alichoambiwa. Olvido, akiwa bado kwenye ngazi ya basi, alitabasamu, akainua mkono kumpungia.

Na ndani ya koo lake mwenyewe, bila midomo yake kutikisika, mtu akauliza kwa upole: "Dada, yule naye ni nani?"